Maji ya Barafuni, Maji ya Mezani

"Dawa umeiweka wapi?"

"Kwenye barafu, kama ulivyoagiza."

"Na maji matupu?"

"Mezani. Na hapo ndipo nina neno, Daktari."

Sikuwa daktari bado. Yeye tu ndiye aliyeniita hivyo, tangu siku ya kwanza. Maabara nzima ilimwita Maji, kwa sababu kila asubuhi ndiye aliyepima chumvi kwenye matangi ya konokono wetu wa baharini. Alikuwa fundi wa maabara. Kwa mwaka mmoja alikuwa pia mchumba wangu.

"Sema. Nina dakika tano."

"Mwanga unapanda kwa sababu ya baridi, si kwa sababu ya dawa."

Konokono wa baharini ana seli za neva kubwa, nyingine unaziona kwa macho kama punje ya ulezi. Dawa tuliyotumia, serotonini, haiingii ndani ya seli. Inabisha hodi nje, na ndani kunaamka kemikali nyingine inayopeleka habari. Tunaiita mjumbe. Nilikuwa nimezitia seli zangu protini inayong'aa mjumbe akiongezeka, na kamera juu ya darubini ikapima mng'ao. Nikitia dawa, mwanga ulipanda. Nikitia maji matupu, yaani ya chumvi yasiyo na dawa, ulitulia. Miezi minane, seli arobaini na moja. Kwa matokeo hayo nilikuwa nimepata nafasi ya utafiti ng'ambo, miaka mitatu, mradi niyatetee Ijumaa mbele ya jopo. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Harusi tulikuwa tumeisogeza hadi nitakaporudi.

"Umejuaje?"

"Leo chupa moja ya maji matupu niliiweka kwa makosa pamoja na za barafuni. Nikayatia kwenye seli ya kujaribia kamera. Mwanga ukapanda."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na umeyaona haya siku mbili kabla ya jopo."

"Nimeyaona leo, nimekwambia leo."

"Maji, wewe hutaki niende."

"Sitaki uende. Hilo ni kweli. Na baridi inapandisha mwanga. Hilo nalo ni kweli."

"Nani amekuwa akiyaweka maji mezani miezi yote hii?"

"Mimi."

"Basi nenda."

Nilivua pete nikaitupa kwenye kisahani cha mizani. Mizani, ambayo haijui ugomvi, ikaandika gramu 2.914. Maji aliisoma, akavua glavu, akatoka.

Saa tisa alasiri simu ikatetemeka mezani. Ujumbe wake ulikuwa mfupi:

"Sikuombi uniamini. Nakuomba upime."

Niliigeuza simu kifudifudi, nikarudi kwenye darubini.

Kesho yake asubuhi, shangazi yangu aliyenilea alikuja maabara na futi ya kushonea shingoni. Ni fundi cherehani.

"Shangazi, harusi si tumeiahirisha?"

"Harusi imeahirishwa, kiuno hakijaahirishwa. Inua mikono." Akanizungushia futi, kisha akanishika kidole. "Pete iko wapi?"

"Kwenye mizani."

"Imetoka uzito gani?"

"Shangazi, tafadhali."

"Nauliza tu. Ninyi kila kitu mnapima, isipokuwa mnachogombania."

Nilimweleza kwa ufupi, nikitegemea anitetee. Alisikiliza mpaka mwisho, pini mdomoni, akazitoa moja moja.

"Huyo mwenzio kakosea kuweka maji. Nani alimwambia ayaweke wapi?"

Nikafungua daftari la maandalizi kumwonyesha. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wangu: *Dawa: kwenye barafu.* Mstari wa pili: *Maji matupu:* na mbele yake hakuna kitu. Miezi minane nilikuwa nimeupita mstari ule kila asubuhi.

Nikampigia.

"Njoo. Tupime."

"Nipo mlangoni kwa matangi," alisema. "Sikwenda mbali."

Tulianza na maji matupu ya barafuni. Yalipogusa seli, mwanga uliruka mara moja, seli nzima kwa pamoja, kama taa iliyowashwa. Ulikuwa ule ule wa grafu zangu. Seli arobaini na moja zilikuwa zimepotea bure.

Maji aliandika namba daftarini. Ningemchukia kama angesema alinionya.

"Sasa vichupa viwili," nikasema. "Kimoja dawa, kimoja maji matupu, vyote joto la chumba. Shangazi, geuka ukutani, funga kimoja uzi mwekundu, kingine mweupe. Usituambie kipi ni kipi."

"Hata mkinibembeleza?"

"Hata tukikubembeleza."

"Nimetunza siri za mimba za watu mtaa mzima, nitashindwa na maji?"

Seli mpya, uzi mweupe. Dakika mbili nzima, mstari wa grafu ulilala.

Seli nyingine, uzi mwekundu. Sekunde kumi, hakuna. Ishirini, hakuna. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuzima kamera.

"Usiguse," Maji akasema polepole. "Tazama pembeni."

Kwenye kioo cha kompyuta seli ilikuwa ya buluu yote, rangi ya mwanga hafifu. Lakini kwenye ncha za matawi yake, yale membamba kuliko unywele, palikuwa na kijani. Kijani kikawa njano. Njano ikaanza kurudi ndani, tawi kwa tawi, bila haraka, ikiifuata njia yake kuelekea kiini. Ilipofika mwili wa seli ilififia, kama mtu aliyefikisha salamu akapumzika. Miaka sita nilikuwa nasoma kuhusu safari hiyo. Sikuwa nimewahi kuiona. Ule mwanga mkubwa wa baridi ulikuwa umeuziba huu mdogo kila siku, mbele ya macho yangu.

"Hicho nini?" Shangazi akauliza, sauti imepungua.

"Habari. Imebisha nje, sasa inapelekwa ndani."

"Na mimi ninazo hizi?"

"Kichwani, mabilioni."

"Hivi sasa, nikiongea?"

"Hivi sasa."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na mimi nilidhani nimekaa tu," akasema.

"Mwekundu ni upi?" Maji akamuuliza.

"Dawa, baba. Mweupe maji."

Tulirudia mara nne, Shangazi akibadilisha nyuzi kila mara. Mara zote nne safari ilikuwa ile ile. Nikamwandikia Profesa, msimamizi wangu:

"Maji ya kulinganisha hayakuwa na joto sawa na dawa. Naondoa seli zote 41. Kesho nitatetea tano."

Akajibu: "Unajua unaweza kuikosa nafasi?"

"Najua."

Ijumaa jopo lilitazama video ya uzi mwekundu, kisha likaomba kuitazama tena. Waliuliza nani aligundua kosa. Nikamtaja fundi wangu. Wakauliza kosa lilikuwa la nani. Nikasema mstari mtupu ulikuwa wangu.

Nilimkuta Maji maabara, mikono ndani ya tangi.

"Wameisogeza nafasi mwaka mmoja. Wanataka seli arobaini zilizopimwa sawasawa."

"Pole, Daktari."

"Umefurahi?"

"Nusu."

"Basi hiyo nusu ifiche vizuri."

Akacheka. Nikatazama mizani. Pete ilikuwa palepale, imefunikwa kikombe cha kioo kisichogusa kisahani, na watu wote walikuwa wamejipanga kwenye mizani ya zamani upande wa pili.

"Siku tatu hawajaitumia?"

"Niliwaambia kuna kitu kinapimwa, wasiguse."

"Kimefikia ngapi?"

"Gramu 2.914. Hakijabadilika."

Alikausha mikono, akainua kikombe, akaichukua pete.

"Unanioa kabla hujasafiri, au bado tunasubiri?"

"Anayeoa ni wewe."

"Basi nijibu."

Vidole vyake vilikuwa vya baridi, vya mtu aliyetoka kubadilisha maji. Nikavishika mpaka vikapata joto la vyangu. Ndipo nikamwambia ndiyo.