Usitoke Hapo, Nakuja

Wasichana mnaoficha ugonjwa, na nyinyi wavulana hodari wa kulipiza, haya nawaandikia mapema, kabla hayajawafika.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, supamaketi imefurika mpaka vikapu vinagongana. Kaunta ya tatu alikaa keshia mwembamba, macho ya manjano kwa mbali, amevaa sweta zito la zambarau juu ya sare, wakati wateja wanajipepea kwa risiti. Juu ya kichwa chake, fundi wa viyoyozi alikuwa kwenye ngazi, bisibisi mdomoni.

"Kaka, nakuomba," keshia akasema huku mikono ikiendelea na kazi. "Hicho kitu kigeuze kiangalie kule kwenye sabuni. Sabuni hazisikii baridi."

Fundi akacheka, nusura bisibisi imponyoke. "Dada Sweta, watu wanakufa kwa joto humu."

"Waache wafe. Mimi bado mdogo."

Akakigeuza. Aliposhuka akanunua chupa ya maji, akapanga foleni, akalipa, akarudi kununua nyingine. Ya nne keshia akamwambia, "Si useme tu unataka namba? Tumbo litapasuka."

Basi wakaanza. Kila jioni fundi anasimama mlango wa wafanyakazi, shati la buluu limenyooshwa vizuri, viatu vinang'aa. Wakiachana, simu inafuata.

"Umefika, Sweta wangu?"

"Nimefika, mzee wa baridi. Usinipigie tena, utamaliza salio bure."

"Liishe. Nilinunua la nini?"

Lakini kulikuwa na kitu msichana alikificha. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Hali ya hewa ikibadilika ghafla, akipigwa na baridi au akilowa mvua, damu inakwama njiani na mifupa inauma kama inasagwa. Mchumba wa kwanza alipolisikia jina la ugonjwa, aliacha kupokea simu. Kwa hiyo huyu akamwambia nusu: "Baridi inaniumiza mifupa." Fundi akaona ni kudeka.

Ikapangwa Jumapili ya kumpeleka kwa mama. Mama yake fundi alipika tangu alfajiri, mashangazi wakaja na magauni mapya. Asubuhi hiyo mvua ikashuka na upepo wake.

"Mpenzi, siwezi kutoka. Mvua hii..."

"Mvua? Mama yangu amekaa na wageni, wewe unaniambia mvua? Wewe sukari, utayeyuka?"

"Nisikilize basi."

Fundi akakata simu. Jioni dada yake fundi akaingia, mwavuli bado unadondosha maji. "Yule Sweta wako anayeogopa mvua, nimemwona. Amekumbatiwa na mwanamume, wanaingia kwenye teksi. Na koti la huyo mwanamume kalivaa yeye!"

Yule mwanamume alikuwa kaka yake msichana, anamkimbiza hospitali, maana maumivu yalikwisha kumwanza. Fundi hakuuliza. Mashangazi walimcheka usiku mzima, na moyo wake ukaiva kwa hasira. Akaendelea kumwita mpenzi, sauti laini, huku anasubiri siku yake.

Siku ikafika, asubuhi ya manyunyu, alipoitwa supamaketi kusafisha viyoyozi. Akageuza mapezi yote ya kutolea hewa yaelekee kaunta ya tatu, akashusha baridi mpaka mwisho, akatia rimoti mfukoni. "Mvua imekuzuia kufika kwa mama yangu," akajisemea. "Ngoja nikuletee humu ndani."

Haukupita muda, simu ikaita.

"Fundi wangu, kiyoyozi kimeharibika, kinanipiga mgongoni. Msimamizi hataki nihame, foleni ndefu. Nikiondoka tu, atafoka."

"Pole, mpenzi. Nakuja sasa hivi. Usitoke hapo."

Alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara, anakunywa chai, mlango anauona.

"Unakuja kweli?"

"Mimi nikudanganye?"

Msichana akamngoja. Hapo ndipo ninapolia mimi. Angefokewa tu na msimamizi, akaondoka na uzima wake. Alibaki kwa sababu mpenzi wake alimwambia anakuja. Akapiga tena, meno yanagongana. Ya tatu fundi aliiacha iite, anatabasamu.

Kisha akaona watu wanatoka wamembeba mtu. Sweta la zambarau. Kiatu kimoja kimechomoka mguuni. Na ule mlio wake, jamani, ulivuka barabara ukamkuta fundi na kikombe mkononi.

Hospitalini alizuiwa mlangoni na kijana mrefu. "Wewe ndiye fundi? Mimi ni kaka yake." Amevaa koti, na fundi akalikumbuka koti aliloambiwa na dada yake. Akamweleza ugonjwa kwa jina lake. Fundi akatoa rimoti mfukoni, akampa.

Msichana alipopata nguvu ya kushika simu, alimpigia mwenyewe. "Njoo jioni. Simama getini, hapa hospitali."

Fundi akaenda na shati la buluu na pete mfukoni. Mvua ikamkuta hapo.

"Nimefika, mpenzi wangu," akamwambia kwa simu. "Nimekuletea pete."

"Nakuja sasa hivi. Usitoke hapo."

Mlinzi akamwonea huruma. "Kijana, ingia kibandani."

"Ameniambia nisitoke."

Ghorofani, msichana alikuwa dirishani na mablanketi mawili, mama yake amemshika bega.

"Mwanangu, inatosha."

"Bado, mama."

Fundi akapiga tena, sauti inatetemeka. "Unakuja kweli?"

"Mimi nikudanganye?"

Hapo akaelewa. Akainua uso, mvua inamwingia machoni, akamwona dirishani.

"Umelowa?" msichana akauliza.

"Mpaka kwenye mifupa."

"Hapana. Kwenye mifupa bado hujafika. Wewe utavua shati, utakunywa chai, itakwisha. Mimi hata vidole vimevimba, pete yako ingepita wapi?"

"Nisamehe, Sweta. Sikujua."

"Jina la ugonjwa hukulijua, na hilo kosa ni langu. Lakini kwamba naumia nilikwambia, na hapo hapo ndipo ulipopiga. Nikipona nitakusamehe. Kuolewa na wewe, hapana. Kila siku ningeamka nakupapasa mifuko, natafuta rimoti."

Akakata simu. Mama yake akavuta pazia.

Chini getini, mlinzi aliwasha taa. Fundi alikuwa bado amesimama palepale, maji yanamtiririka, simu sikioni. Hakuna aliyekuwa amemwambia atoke.