Jasnoor na Viatu Vyeusi

Jasnoor alikuwa mdogo. Hata kivuli chake kilikuwa kifupi.

Mama yake alifundisha shule ya sekondari ya Masingasinga, huko Punjab, India. Kila asubuhi Jasnoor alikwenda naye.

Kabla ya masomo, wanafunzi walivua viatu. Wakafunika vichwa. Wakaingia gurudwara, nyumba yao ya sala.

Nje vikabaki viatu. Vyote vyeusi. Vyeusi vyote.

Msichana mkubwa, Harkiran, ndiye aliyevifuta vumbi. Kufuta viatu vya wenzako ni heshima pale. Si adhabu, msidanganyike.

"Dada, na mimi nifute," alisema Jasnoor.

"Wewe bado. Ngoja ukue."

Ngoja ukue, ngoja ukue. Wakubwa hawana neno jingine.

Lakini siku moja kulikuwa na mtihani. Harkiran naye aliingia kusali. Kitambaa kikabaki mlangoni.

Jasnoor akakichukua.

Fwi, fwi, fwi. Futa, futa, weka hapa.

Vidogo akaviweka huku. Vikubwa akaviweka kule. Fwi, fwi, fwi. Futa, futa, weka hapa.

Mstari ukapendeza, kuanzia vidogo kabisa hadi vikubwa kabisa. Jasnoor akajiona mtu.

Wanafunzi wakatoka.

"Vyangu viko wapi?"

"Hivi vinanibana."

"Hiki ni kiatu au mtumbwi?"

Kengele ya mtihani ilikaribia kulia. Ikilia, mlango unafungwa. Na asiye na viatu haingii.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza Tegbir. Tegbir alikuwa mrefu kama mlingoti. Ulimi wake nao mrefu.

"Mimi," alisema Jasnoor. "Nimepanga."

"Hukupanga. Umevuruga."

Jasnoor akataka kulia. Lakini kulia kungesaidia nini? Viatu haviitikii machozi. Akafuta pua.

"Vidogo viko huku," alisema. "Vikubwa viko kule. Wenye miguu midogo waje huku."

Wakatazamana.

"Mnasubiri nini?" alisema Harkiran. "Pimaneni."

Wakapimana, unyayo kwa unyayo. Mguu mdogo huku. Mguu mkubwa kule. Kila mtu akasimama mbele ya viatu vyake.

Na nani alisimama huku, kwenye vidogo? Tegbir. Urefu wote ule, na miguu ya kitoto.

"Usinicheke," alinong'ona.

"Sikucheki," alisema Jasnoor. Alikuwa anacheka.

Ngaa, ngaa, ngaa. Kengele.

Tapu, tapu, tapu. Wakakimbia. Wote wakawahi.

Harkiran alikimbia wa mwisho. Akaokota kitambaa, akamrushia Jasnoor.

"Kesho tufute wote," alisema. "Ila ukifuta, rudisha palepale."

Usiku, Mama alimwosha Jasnoor mikono. Ilikuwa myeusi kama sufuria.

"Hili vumbi ni la miguu ya waliosali," alisema Mama. "Lina baraka."

"Basi usilioshe."

"Baraka imeshaingia. Lete mkono wa pili."

Lakini Jasnoor alikuwa ameshalala.

Mama akautazama ule mkono mchafu. Akaufunika kwa shuka, hivyo hivyo.