Agnesi Aliyeitika

Siku ile niliamka kama siku zote. Nikaenda Katonga kuchukua dagaa wangu, nikabishana bei na wavuvi, nikarudi nyumbani Ujiji. Jua lilikuwa zuri. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu hapa mtaani wanadai msiba ulituchanganya tukaota. Hatukuota. Na anayetaka kuniambia nipunguze hasira, abaki na hekima yake kwake.

Ilikuwa siku ya kuanua matanga ya mdogo wangu Agnesi. Alikufa kwa homa, binti mbichi kabisa, mwimbaji wa kwaya. Akipandisha sauti, hata wauza samaki walinyamaza. Ukoo wetu una desturi yake. Siku ya kuanua matanga, moto wa msiba ukishazimwa, baba mdogo anasimama mlangoni na kumwita marehemu kwa jina. Kukiwa kimya, kaenda salama. Akiitika, hajaenda. Na anayejibizana naye humfuata. Ndiyo maana siku hiyo hata redio hatuwashi.

Sasa, ng'ambo ya barabara kuna ukumbi, na ukumbini kuna Castory. Huyu Castory ana bendi ya roki. Magitaa na dramu vinapigwa na watu wanaotoka jasho, lakini mwimbaji si mtu. Ni picha ya msichana wa kuchorwa, anarushwa na projekta kwenye shuka jeupe, anacheza, na sauti inatoka kwenye kompyuta. Wamempa jina Zawena. Vijana wanamshangilia utadhani ana mama yake! Mama yake ni mama yangu, kwa sababu sauti ile ni ya Agnesi. Alipokuwa hai, Castory alimweka kwenye kijichumba chake akamrekodi akimtamkisha ba, be, bi, bo, bu kutwa nzima kama mtoto wa chekechea, mpaka koo likamkwaruza. Baada ya hapo kompyuta ikaweza kuimba chochote bila yeye. Udongo wa kaburi haujakauka, mtu anatangaza shoo. Tena siku ya matanga yetu! Mshenzi mkubwa.

Nikamfuata ukumbini asubuhi ileile. Nikamwomba, mimi Yunisi, nisiyezoea kuomba mtu.

"Castory, leo tunamwita marehemu. Nyamazisha hicho kitu chako mpaka jioni."

Akacheka. "Dada Yunisi, hayo mambo ya kizamani. Sauti haifi. Inataka umeme tu."

"Mama yuko pale nyumbani. Akiisikia ataijibu."

"Basi mzibe masikio."

Nusura nimzabe kofi. Nikaondoka. Na kweli, kabla ya adhuhuri umeme ukakatika mtaa mzima. Mashine ya kusaga ikanyamaza, na yale magitaa ya ng'ambo yakanyamaza. Nikasema, Mungu si Athumani.

Moto ukazimwa, jivu likazolewa. Baba mdogo Anatoli akasimama mlangoni. Mama yetu, Honorata, alikaa mkekani, kanyoa kichwa, mikono mapajani. Watu wote wakatulia.

"Agnesi!"

Kimya.

"Agnesi!"

Kimya. Mama akaanza kulia taratibu, kilio cha mtu aliyekubali.

"Agnesi!"

"Abee!"

Ilitoka ng'ambo. Kubwa, ya spika. Sauti yake mwenyewe, na ule mkwaruzo wa koo. Hapo ndipo damu iliponichemka. Mtoto kafa, na koo lake bado limechoka.

Nilivuka barabara mbio, nikidhani Castory kawasha jenereta, nimepania kumvunjia mtu gitaa kichwani. Lakini vijana wa bendi walikuwa nje, wamebanana ukutani. Castory alisimama mlangoni. Alikuwa ameshika waya wa spika. Ncha yake ilining'inia, haijachomekwa popote.

"Zima!"

Akanong'ona, "Dada, hakuna kilichowaka."

Nikachungulia. Mchana mweupe ndani. Dramu. Magitaa yamelazwa sakafuni. Shuka halina picha. Kompyuta imefunikwa.

"Mama," spika ikasema. Kwa upole sasa. "Mama, uko wapi?"

Nikageuka. Mama alikuwa nyuma yangu, pekupeku. Nikamrukia, nikamziba mdomo.

"Usijibu," nikamnong'oneza. "Mama, nakusihi. Siyo yeye."

"Mama, huku sina mtu. Wananiimbisha tu."

Mama akaning'ata. Mwanamke mpole yule, hajawahi kunichapa, akaning'ata kiganja mpaka damu. Tazameni, kovu hili hapa. Mkono ukaachia.

"Bee, mwanangu! Nakuja!"

Spika ikanyamaza. Mama akafungua mdomo tena. Hakikutoka kitu.

Mpaka leo. Hospitali wamemchungulia koo, wanasema ni zima. Anakula, anafua, anaota jua uani. Sauti ndiyo haipo. Castory alifuta kila kitu, akavunjavunja na kompyuta, akakimbilia Kalinzi kwa wajomba zake kulima kahawa. Laana yangu imfuate hukohuko kwenye mibuni. Unafuta nini, mwizi wewe, wakati wimbo wa huyo Zawena wako umeshaingia kwenye kila simu ya Kigoma?

Jana bajaji imepita hapa nje, imeufungulia wimbo huohuo. Gitaa linanguruma, dramu zinadunda, Agnesi anaimba. Kwenye kiitikio sasa wako wawili. Wa pili ni mtu mzima, anakohoa kidogo kabla ya kila mstari. Nimelelewa na kikohozi kile. Nakijua.

Nikamtazama mama. Alikuwa anaanua nguo kambani, ananipa mgongo. Nikazunguka mbele yake. Midomo ilikuwa inakwenda neno kwa neno, na sauti inatoka kwenye bajaji.