Sahihi ya Mzee Mugenyi

Tangu amalize mtihani wa darasa la saba, Laurentine alikuwa na kazi zake za asubuhi nyumbani kwao Bwera: kuchota maji, kufagia uwanja, kisha kumjazia mama yake mafuta ya mawese kwenye chupa za kupeleka sokoni Mpondwe. Kazi ya nne hakuna aliyempangia. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko watu wazima wengi, basi majirani walimletea karatasi awaandikie barua za mwenyekiti wa kijiji. Ndivyo mambo yalivyokwenda mtaani: barua inaandikwa na yeyote anayejua Kiingereza, kisha Mzee Mugenyi, mwenyekiti, anaisoma, anaweka sahihi na kugonga muhuri. Laurentine alikwisha kuandika nyingi mno, maneno yake yalikuwa yamemkaa kichwani.

Mwaka huo alifaulu vizuri, na shirika moja la Kasese likakubali kumlipia karo ya sekondari. Lakini pesa zao zilipitia benki tu, kwenye akaunti ya mzazi, na namba ya akaunti ilitakiwa iwe imefika ofisini kwao kabla ya Ijumaa jioni. Asiyeipeleka, nafasi yake ingepewa mtoto mwingine.

Mama yake, Consolée, hakuwahi kuingia benki maishani mwake. Alikimbia vita kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, miaka mitatu nyuma, na akiba yake yote ilikaa kwenye fundo la kitenge. Majirani walimwambia asijisumbue, kwani benki za Uganda ni za Waganda wenye kitambulisho cha taifa. Jumatatu akaenda hivyo hivyo, na Laurentine wa kumsomea fomu. Afisa aliyewapokea, Madamu Lamunu, alikuwa mtu wa kaskazini aliyekulia katika kambi ya jeshi, na Kiswahili alijifunzia huko. Aliwaambia kwamba mkimbizi naye anaruhusiwa kufungua akaunti. Alete kitambulisho chake cha ukimbizi, picha mbili, na barua ya mwenyekiti wa kijiji anachoishi ya kumtambulisha. Mama Consolée alipigwa na butwaa, akarudi nyumbani akicheka peke yake njiani.

Jumatano akamtuma Laurentine kwa mwenyekiti. Barua alikuwa nayo mkononi, ameshaiandika. Mke wa Mzee, Mama Gorret, akamwambia Mzee alikwenda Mubuku tangu jana kwenye shamba la mpunga analokodi, zamu yake ya maji ya kumwagilia imefika, na atarudi kesho jioni. Akamwambia akae kidogo ale ndizi, akarudi jikoni.

Laurentine akakaa sebuleni akipiga hesabu ya siku. Kesho jioni ni Alhamisi, benki itakuwa imefungwa. Inabaki Ijumaa peke yake. Je, Mzee akichelewa? Je, maji ya Mubuku yakimweka siku moja zaidi? Muhuri ulikuwa pale mezani, na kidau chake cha wino. Sahihi ya Mzee alikuwa ameiona mara nyingi kuliko sahihi ya mwalimu wake. Na ndani ya barua hakukuwa na neno hata moja la uongo. Akajiambia kwamba Mzee angekuwepo angesaini tu, kwa hiyo tofauti iko wapi. Akachukua kalamu. Sahihi ilitoka sawasawa. Akagonga muhuri, akaondoka bila kuaga wala kuonja ndizi.

Nyumbani alimwambia mama yake kwamba Mzee amesaini. Mama aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaifunga kwenye plastiki isiguswe na mafuta.

Kesho yake mambo yalikwenda vizuri, vizuri kupita kiasi. Madamu Lamunu alikagua kitambulisho, akabandika picha, akamsaidia Mama Consolée kuweka kidole gumba kwenye mashine. Kisha akaisoma barua, akaisifu kwa mwandiko wake, akainua simu. Alieleza kwamba yeye huwapigia wenyeviti wote, ni utaratibu tu wa kazi.

Laurentine hakulijua hilo. Sauti ya Mzee Mugenyi ilitoka kwenye simu kwa kelele, kama ya mtu aliyesimama karibu na maji yanayokwenda mbio.

"Consolée? Huyo namujua sana, mutu muzuri. Lakini barua gani, madamu? Mimi iko Mubuku tangu Jumanne. Sijasaini kitu."

Madamu Lamunu akaweka simu chini polepole. Tabasamu lote lilikuwa limemtoka. Akaisogeza fomu pembeni, akamwita askari wa mlangoni, naye akaja kusimama nyuma ya kiti cha Mama Consolée na bunduki yake.

"Mama, hii iko kesi," alisema. "Mtu akileta karatasi ya kughushi, sisi tunaita polisi. Na wewe ni mgeni katika nchi hii. Nani alisaini hapa?"

Mama Consolée aliitazama barua, akamtazama askari, mwisho akamtazama binti yake. Laurentine alijua kwamba ameelewa, akangoja amtaje. Ingekuwa haki kabisa.

"Ni mimi," alisema mama. "Mutoto hajui kitu. Munikamate mimi."

Katika yote ya siku ile, hakuna lililomshtua Laurentine kama hilo. Mama yake hakuwa mtu wa uongo. Sokoni alikuwa akirudisha chenji iliyozidi hata kwa madereva wa malori wasiomfahamu. Sasa alikuwa anakubali kufungwa kwa uongo, na uongo huo alilazimishwa kuusema na mwanawe mwenyewe. Laurentine akasimama.

"Si yeye, madamu," alisema. "Mimi ndiye niliyesaini. Mama nilimdanganya."

Akaeleza yote, ndizi, muhuri na kalamu, huku machozi yakimdondoka juu ya fomu. Mama yake alishika kichwa kwa mikono miwili. Madamu Lamunu alimsikiliza hadi mwisho, akampigia Mzee Mugenyi simu tena aje, kisha akawaonyesha benchi wakangoje.

Walingoja kwa muda wa saa mbili hivi, askari akiwa kando yao. Wateja waliingia na kutoka, wengine wakiwa wanawake wa sokoni wanaonunua mawese ya Mama Consolée. Walimsalimia na kuuliza kuna nini. Mama aliinamisha uso, na Laurentine aliona haya.

Mzee Mugenyi alifika kwa pikipiki, buti zake zimejaa tope la mpunga. Alikuwa amepitia kwake kuchukua muhuri. Aliisoma barua mara mbili.

"Kila neno humu ni la kweli," alisema. "Uongo ni mmoja tu, jina langu. Na kwa huo mmoja, ukweli wote umeharibika." Akamgeukia Laurentine. "Umewaandikia watu barua ngapi mwaka huu? Zote nilisaini mimi?"

"Zote, Mzee."

"Nitajuaje sasa?"

Laurentine hakuwa amewaza kabisa kwamba sahihi moja ingeweza kuchafua na zile barua nyingine, za watu wasiomkosea chochote.

Meneja wa benki aliitwa, wakazungumza kwa muda. Kwa kuwa mtoto alikiri mwenyewe, na mwenyekiti alikuja binafsi kumdhamini mama, polisi hawakuitwa. Barua ya kughushi ilibaki kwenye faili. Mzee Mugenyi akaandika nyingine kwa mkono wake, kwa mwandiko wa kupinda pinda, akasaini na kugonga muhuri mbele yao. Alimwambia Laurentine kwamba kuanzia siku hiyo barua za kijiji ataziandika yeye mwenyewe, hata zikimchukua mchana kutwa.

Ijumaa akaunti ilifunguliwa, na saa tisa alasiri namba yake ilitumwa kwa simu, ikafika Kasese. Nafasi ya sekondari ilikuwa salama. Mama Consolée alikuwa hajamsemesha binti yake tangu jana. Walipotoka benki, alisimama nje ya mlango, akamshika bega.

"Sisi huku tuko wageni," alisema. "Hatuna shamba, hatuna jamaa. Mzee aliacha maji yake Mubuku sababu anatuamini. Yule madamu alikusikiliza mpaka mwisho, angeweza kukufukuza. Kitu tuko nacho katika inchi hii ni hicho tu, watu kutuamini, na wewe ulikichezea ili usingoje siku moja. Karo kuna watu wa kukulipia. Imani ya watu hakuna wa kukulipia. Utaitafuta wewe mwenyewe, kidogo kidogo. Anza na mimi."