Uso wa Nyanya Esnah Langoni

Kila jioni Phanice alipotoka shuleni, alikata nyasi za ng'ombe, akateka maji, kisha akakimbilia uwanja wa Sironga kucheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, na rafiki yake Sharon. Wiki hiyo kulikuwa na matanga kwao. Nyanya Esnah alikuwa amefariki, naye angezikwa Alhamisi.

"Phanice," baba alimwita Jumatano, "picha ya nyanya imo katika simu hii. Mpelekee Beverlyne, yule anayechapisha mabango pale mjini Nyamira, aitoe humu mwenyewe. Usiitume kwa WhatsApp, itapunguzwa ubora. Bango la langoni ni kubwa."

"Sawa, baba."

Kichwa kiliitika, miguu ikakataa. Sharon alikuwa ameshafika na mpira, na mlima wa kwenda mjini haukuwa mchezo. Phanice akaituma picha kwa WhatsApp.

Beverlyne alipiga simu mara moja. "Hii ni ndogo sana. Hamna kubwa?"

"Ni hiyo tu tuliyo nayo, anti," Phanice akadanganya. Akaikuza kwa programu ya simu, akaituma tena. Kwenye kioo cha simu ilipendeza kweli.

Asubuhi ya mazishi bango lilitundikwa langoni. Uso wa nyanya ulikuwa madoa ya mraba, na macho hayakuonekana. Babu Obadiah alisimama mbele yake, akiegemea mkongojo.

"Mmemweka nani hapa?" aliuliza. "Huyu si Esnah wangu."

Akageuka, akarudi ndani. Phanice aliona aibu iliyomchoma hadi moyoni. Alimfuata baba, akamwambia yote huku akilia. Baba hakumgombeza. Alimpa simu, akamwomba binamu yao Cleophas ampeleke mjini kwa pikipiki.

Beverlyne aliziweka picha zote mbili kwenye kompyuta, akazisogeza karibu. Katika ile halisi, hata mikunjo ya macho ilihesabika.

"Ukikuza picha ndogo huongezi kitu," alisema. "Mashine haijui nyanya yako alifananaje. Mbona hukuniambia kuna nyingine?"

Phanice alikiri kwamba alikwepa safari ili akacheze.

Bango jipya lilitoka safi. Lakini walipofika nyumbani, nyimbo zilikuwa zimekwisha na vijana walikuwa wakisawazisha udongo kaburini. Babu aliletwa langoni, akalitazama bango kwa muda mrefu.

"Ndiye," alisema. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Nawe, ulimuaga?"

"Hapana, babu. Nimechelewa."

Baba alimshika bega. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Safari uliyoikwepa jana umeifanya leo, saa ambayo ulipaswa kuwa hapa nasi. Ukitumwa, nenda. Na ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linarekebishika."

"Nimesikia, baba," alisema Phanice. Akaenda peke yake hadi kaburini, akamwomba nyanya msamaha.