Madawati ya Siku Moja

Kila asubuhi, kabla sijaingia darasa la sita, nilimpeleka mdogo wangu darasa la pili na kumtandikia kipande cha gunia sakafuni. Watoto walikuwa sabini na mmoja, madawati tisa. Aliyewahi aliketi, aliyechelewa aliandikia magotini. Mdogo wangu ni mzito wa kuamka, kwa hiyo meza yake ilikuwa magoti.

Mimi nilikuwa kiranja mkuu. Wenzangu waliniita Chiriku kwa sababu mdomo wangu haupumziki, na ndiyo sababu walinichagua. Tuliposikia kwamba maofisa wa elimu watakuja kutafuta shule yenye upungufu mkubwa ili waipe madawati na paa jipya, darasa zima lilikubaliana niseme mimi. Rafiki yangu Kidoti alikaa nami siku mbili tukiandika hotuba. Tulitaja kila kitu: gunia, paa linalovuja, vitabu vya kugombania.

Siku ya ukaguzi mwalimu mkuu alituita mapema. Madarasa ya chini yalikuwa yamepewa likizo. Sisi wakubwa tulihamisha madawati yote ya shule hadi kwenye vyumba viwili vilivyo karibu na lango, tukayapanga kwa mistari. Choo cha walimu kilipakwa rangi mpaka nzi wakapotea njia. Kisha mwalimu mkuu akaniita ofisini, akasoma hotuba yangu, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Mwanangu, mgeni akija kwenu, mama yako humwonyesha sufuria iliyotoboka?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi." Akanipa karatasi nyingine. "Soma hii. Wakiona tunajitunza, watatuongezea. Niamini."

Nilimwamini. Alikuwa mwalimu mkuu, na alikuwa ameniita mwanangu. Nilisimama mbele ya wageni nikasoma kwamba shule yetu inajitosheleza. Ofisa mmoja, mama mwenye miwani, aliniuliza, "Na madarasa ya chini nayo yako hivi?"

Swali hilo halikuwamo kwenye karatasi. Nilimtazama mwalimu mkuu. Alitabasamu.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Kidoti, aliyeketi nyuma, aliinamisha kichwa. Jioni tuliyarudisha madawati tisa darasa la pili.

Baada ya wiki tatu lori lililojaa madawati lilisimama langoni. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Dereva akachungulia dirishani, akauliza njia ya kwenda shule ya jirani. Mchana huo karani alitusomea barua: tumepongezwa, hatuhitaji msaada.

"Umetuuza, Chiriku," Kidoti alisema.

"Mimi? Ni mwalimu mkuu aliyenipa ile karatasi!"

"Mwalimu mkuu hatukumchagua sisi. Tulikuchagua wewe."

Nilikimbilia ofisini nikidhani angalau yeye atanitetea. Hata hakuinua macho. "Mambo ya ofisini yaachie ofisi. Tena, ya madarasa ya chini uliyasema mwenyewe. Nani alikutuma?"

Niliumia kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mtu aliyeniambia nimwamini alinitupa kama ganda la muwa, na mimi niliyeaminiwa na darasa zima nilikuwa nimefanya vilevile.

Nyumbani nilimweleza mama, ambaye ni fundi cherehani. Aliacha kushona.

"Machozi hayajengi paa," alisema. "Keshokutwa kuna kikao cha wazazi. Uliyoyasema mbele ya watu, utayafuta mbele ya watu."

Kikaoni nilisimama nikasema yote, hata lile jibu langu mwenyewe. Wazazi wakaanza kunguruma. Mwalimu mkuu alisimama, akafuta jasho.

"Niliogopa," alisema. "Shule ikionekana mbovu, watu husema mwalimu mkuu ndiye mbovu. Nisameheni, wazazi."

Siku hiyohiyo iliandikwa barua ya kueleza ukweli, na kila mzazi akatia sahihi. Yule mama mwenye miwani alirudi bila taarifa, akaenda moja kwa moja darasa la pili. Alisimama mlangoni akihesabu, kisha akachuchumaa kuandika, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa. Muhula uliofuata tulipata madawati arobaini, na mafundi wakaanza kubomoa paa.

Mdogo wangu akawa na pa kuandikia. Hata hivyo moyo wangu haukutulia.

"Mama, mwalimu mkuu aliwaomba radhi wazazi," nilimwambia. "Mimi hajaniomba mpaka leo. Tunapishana tu kama hatujuani."

"Huenda asikuombe kamwe. Amekukosea, wala sikwambii ujifanye huumii." Mama alikata uzi kwa meno. "Lakini sikiliza. Kiongozi huwekwa awasemee watu shida zao, si azifunike ili yeye aonekane mzuri. Mwalimu mkuu alilisahau hilo, nawe ukalisahau. Sasa nikuulize, Kidoti umeshamwomba radhi?"

Mimi Chiriku nilikuwa nimesema mbele ya wazazi wote, nikapigiwa makofi, na Kidoti sikuwa nimemwambia kitu.

Nilivaa viatu nikaenda kwao.