Maji Yaliyorudi Nyumbani

Bi Zuleikha, jirani wa mlango wa pili, alisimulia kwamba Baba Mumbua aliingia jengoni buheri wa afya, akamsalimu, akamtania kuhusu mkoba wake mpya, kisha mbele ya lifti akaanguka ghafla kama taa iliyozimwa. Alimsimulia bawabu, akamsimulia dereva wa teksi, na sasa alikuwa akilisimulia benchi zima la kliniki. Kila aliposimulia, mkoba ulizidi kuwa mzuri. Kwa maoni yake, hilo lilikuwa jicho la watu tu, wallahi.

Mumbua, msichana wa miaka kumi na miwili, aliketi kando ya mama yake. Alijua kwamba taa ile haikuzimwa ghafla.

Kila asubuhi nyumbani kwao, mtaa wa Al Mansoura, kazi yake ilikuwa kujaza maji chupa kubwa ya baba, kuitia barafu na kuiweka mlangoni. Baba yake, Cornelius, alikuwa askari wa lango kwenye ghala moja nje ya mji. Mama ndiye aliyekuwa na kazi ya hotelini iliyowaleta wote Doha. Jioni baba akirudi, Mumbua aliiosha chupa ile.

Joto lilipoanza kupanda, mwalimu wao wa Kiingereza, Bi Hannah, aliwafundisha maneno ya vitu vinavyopungua polepole. Fade, yaani kufifia. Ebb, kupwa kama bahari. Taper off, kuishia taratibu kama sauti inayokwenda mbali. Dwindle, kupungua kidogo kidogo hadi kubaki chembe. Kila mwanafunzi alitakiwa atafute kwao kitu kinachopungua hivyo, aje akieleze darasani.

Mumbua aliyapenda maneno hayo, akawa anatembea nayo mdomoni kama peremende. Adhana ya magharibi ilipoishia juu ya mapaa, alinong'ona, taper off. Bi Zuleikha akipita koridoni, harufu ya udi wake ilibaki nyuma ikififia ukutani, fade. Siku walipokwenda ufukweni Al Wakrah, bahari ilijivuta kimyakimya na kuacha mchanga umekunjamana kama shuka ya mtu aliyetoka kuamka. Dunia nzima, ilionekana, ilikuwa ikipungua kwa upole, wala hakuna kilichoumia.

Dwindle peke yake haikupata mwenyewe, hadi jioni moja alipoinua chupa ya baba na kuona ni nzito. Nusu ya maji ilikuwa imerudi nyumbani. Siku zilivyokwenda, yakarudi mengi zaidi, mpaka chupa ikawa inarudi karibu kama ilivyotoka. Mezani nako, vichekesho vya baba vilipungua. Midomo yake ilikauka, na baada ya kula alikaa akishika kichwa.

Mumbua alipomwuliza, baba alitazama kwanza kama mama yuko jikoni.

"Choo cha kule kiko mbali, mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nikiacha lango bila mtu wa kunipokea, kazi sina. Askari wote tunafanya hivyo. Usipokunywa, hubanwi."

Akamwomba ayamwage yale yaliyobaki ili mama asipate wasiwasi. Mumbua akawa anayamwaga kila jioni. Maji yalitiririka kwenye sinki kwa sauti tamu ya kuleta usingizi, naye akaiacha imbembeleze.

Sasa mlango wa kliniki ulifunguka. Sista Nasimiyu, muuguzi kutoka Bungoma, aliwaita ndani. Baba alikuwa kitandani, dripu mkononi. Sista akauliza hali hiyo ilianza lini.

"Ni leo tu," mama alijibu, na baba akatikisa kichwa kukubali. Bi Zuleikha, aliyewafuata ndani, akaanza tena hadithi ya lifti.

Baba alimtazama Mumbua kwa macho ya kumsihi. Akisema, huenda kazi ya baba ikapotea. Akinyamaza, baba atatibiwa kizunguzungu cha siku moja, kisha arudi langoni na kiu yake.

"Si leo, Sista," Mumbua alisema. "Amekuwa akipunguza maji tangu joto lilipoanza. Chupa inarudi imejaa. Mimi ndiye ninayemwaga."

Sista alimwita daktari, naye akaagiza figo zipimwe. Majibu yalionyesha kwamba zimechoka, lakini zitapona kwa dripu, mapumziko na maji ya kutosha. Angerudi kazini vile vile, alisema daktari, zingeharibika.

Sista Nasimiyu alimshika Mumbua bega.

"Kinachoanguka kwa kishindo, kila mtu hukisikia," alimwambia. "Kinachopungua kidogo kidogo humhitaji mwenye macho. Wewe ulikuwa nayo. Lakini ukiona mtu anaumia, siri yake usiitunze. Sema mapema, hata kama yeye mwenyewe amekukataza."

Mama alikwenda kuchukua dawa, na Bi Zuleikha akamfuata. Baba na mwanawe wakabaki peke yao. Baba hakuwa na hasira. Aliuvuta mkono wa Mumbua, akauweka kifuani pake.

"Baba," Mumbua alisema, "ukirudi kazini, waombe wakupe mtu wa kukupokea langoni. Utawaomba?"

Baba aligeuza uso dirishani. Nje, magari yalipita polepole katika vumbi la dhahabu, na matone ya dripu yakaendelea kushuka, moja baada ya jingine.